Mgonjwa Mwenye Pingu ni Mgonjwa Wenu

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Kenya.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni muuguzi mstaafu wa idara ya majeruhi. Nakuandikia hadharani kuhusu wagonjwa wanaoletwa hospitalini na polisi.

Mahabusu akifika, mkono mmoja hufungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, na askari huvuta kiti akaketi ubavuni. Daktari huuliza, "Umeumia vipi?" Mgonjwa humtazama askari kwanza, kisha hujibu, "Nilianguka." Basi faili huandikwa kwamba alianguka, hata kama mgongo umejaa alama za rungu. Daktari akitaka kumlaza, huambiwa amri imetoka kituoni arudishwe seli. Naye hurudishwa.

Sheria tunazo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Kuzuia Mateso tunayo tangu 2017. Kanuni za Mandela kuhusu wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema uamuzi wa tiba ni wa mtaalamu wa afya na mlinzi hana ruhusa ya kuutengua. Ila daktari kijana aliye zamuni peke yake saa nane za usiku hajui kama Baraza lake litasimama naye akimwambia askari, "Tupishe."

Afrika Kusini ilionyesha mwisho wa ukimya huo. Septemba 1977, Steve Biko, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi, aliumizwa kichwa mikononi mwa polisi. Daktari Ivor Lang alimpima, akaandika kwamba hakuona kasoro. Daktari Benjamin Tucker akakubali asafirishwe, uchi na amefungwa, nyuma ya gari la polisi kwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, ambako alifariki tarehe 12. Baraza la madaktari la huko lilisema hakuna kesi ya kujibu. Madaktari wenzao walilipeleka mahakamani, na ni mwaka 1985 ndipo wawili hao walipotiwa hatiani na Baraza hilohilo.

Naomba waraka mfupi wenye mambo manne. Kwanza, askari asimame mlangoni, aone lakini asisikie. Hofu ya mtu kutoroka ni ya kweli, na mlango unatosha kuizuia. Pili, pingu zifunguliwe daktari akisema zinazuia tiba, na mama aliye katika uchungu wa kuzaa asifungwe kamwe. Tatu, ruhusa ya kutoka wodini itolewe na daktari kwa sahihi yake. Nne, fomu ya P3, ile ya kurekodi majeraha, isisubiriwe. Fomu hiyo hutoka kituo cha polisi, kwa hiyo aliyepigwa na askari huiomba kwa askari wenzao wa waliompiga. Daktari aandike siku hiyohiyo ukubwa, rangi na mahali pa kila jeraha, pamoja na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Waraka ubandikwe katika kila idara ya majeruhi, ukiwa na nambari ya simu ya afisa wa Baraza atakayempokea, usiku na mchana, daktari anayetishwa. Na daktari atakayeandika uongo ili kuwafurahisha polisi ajue mapema kwamba ataitwa mbele yenu.

Nasubiri jibu lako, nalo liwe la hadharani.

Wako mwaminifu,
Muuguzi mstaafu, Mombasa