Mwalimu Afunzwe Kwanza, Projekta Ifuate

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, maigizo ya watoto yana nafasi yake katika hafla za madrasa zetu. Siku hizi yameingiwa na simu, projekta na hata picha zinazotengenezwa kwa akili mnemba. Wako wanaoyakataa hayo yote kwa kuyaita upuuzi, na wako wanaoyapokea bila ya kuuliza. Makundi yote mawili yamemsahau mwalimu.

Mchezo si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwachia Bibi Aisha (R.A.) acheze na wanasesere wake, na kwamba alimsitiri alipokuwa akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini. La kuangaliwa, basi, ni namna mchezo unavyoongozwa.

Mfano tunao. Mwaka 1986, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said alianzisha shule ya awali ya madrasa katika mpango uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Nguvu yake haikuwa vifaa vya kununua, bali kumfunza mwanamke wa mtaa ule ule, kisha kumfuatilia darasani mwake.

Kwa mfano huo, semina ya siku moja ya kubonyeza vitufe haitoshi. Mwalimu afunzwe kuifanya simu kuwa kioo cha mazoezi: mtoto arekodiwe, aisikilize sauti yake, ajue wapi amemeza maneno, kisha arudie. Afunzwe pia mipaka. Programu ya akili mnemba ikiagizwa picha za kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), yaweza kumchora, ilhali sisi hatuwachori Mitume. Mwalimu asiyetanabahi ataionyesha picha hiyo ukutani, na watoto hawataisahau.

Lipo zito zaidi. Igizo lililorekodiwa asubuhi husambazwa jioni, na sura ya binti mdogo ikawafikia watu wasiojulikana na wazazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu taarifa za watoto kuwa ni taarifa nyeti. Na kabla ya sheria hiyo, Mtume (S.A.W.) alikwishatufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi ridhaa ya mzazi iombwe kwa maandishi, na asiporidhia, picha ya mwanawe isitoke madrasa.

Kamati zinazochangisha fedha za projekta na zitenge fungu la kumfunza mwalimu. Kifaa kitachakaa, elimu ya mwalimu itawafaa watoto wengi watakaopita mikononi mwake.

Wabillahi Tawfiq.