Sanje ni yetu, lakini ni wangapi kati yetu tumeiona?

Ndugu wasomaji, leo naomba tuache siasa kidogo tuongelee maji. Sio ya bombani, maana hayo nayo ni siasa. Naongelea yale yanayoporomoka kutoka msitu wa Udzungwa, pale Sanje, mkoani Morogoro.

Kwa wasiojua, maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 hivi, kwa hatua tatu, katikati ya msitu mnene. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Huku hakuna kukaa kwenye gari unasubiri twiga apite dirishani.

Napanga kwenda na wenzangu wanne. Nilipolisema hilo pale chumba cha habari, swali la kwanza lilikuwa: "Nani analipa posho?" La pili: "Kwani kuna semina?" Nikacheka, lakini baadaye likanikaa. Hivi sisi tumefika mahali ambapo mtu hawezi kutoka Dar es Salaam kwenda kuona nchi yake mpaka kuwe na mfadhili na bahasha?

Wengi husema utalii ni mambo ya wazungu, hela hatuna. Tuwe wakweli, kuna ukweli hapo. Mtu anayehangaika na kodi ya chumba na ada ya mtoto huwezi kumwambia habari za maporomoko. Lakini sisi wengine tunaochanga kwenye kitchen party tatu kwa mwezi mmoja, hatuna kisingizio hicho. Kiingilio cha mwananchi kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Kinachouma ni nauli, malazi na malipo ya kiongozi wa msafara. Dawa yake ni kwenda kikundi na kuchanga mapema, kama tunavyochangia harusi.

Njia yenyewe wala sio ya kutisha. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro. Hapo unachukua basi la Ifakara. Mnapita Mikumi, mnaiacha barabara kuu ya kwenda Iringa, mnashuka Kidatu, kisha mnaambaa na mashamba ya miwa huku milima imesimama upande wa kulia kama ukuta. Mang'ula ndipo yalipo makao makuu ya hifadhi. Lala hapo, usijaribu kwenda na kurudi siku moja. Asubuhi mapema mnaanza kupanda. Tengeni saa nne hivi za kutembea, na muda wa kuogelea kwenye vidimbwi vya juu. Chagueni Juni hadi Oktoba. Masika maji huwa mengi na yanapendeza, lakini njia inateleza, na mguu ukivunjika mlimani mzaha unaishia hapo.

Sasa kuna jamaa watasema, kiongozi wa nini wakati njia ipo? Sikilizeni. Mwaka 1979 watafiti walimtambua kwa mara ya kwanza kima wa Sanje, ambaye haishi popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Dunia ya sayansi ikafurahi kwa ugunduzi mpya. Lakini wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, na jina walishampa: ng'olaga. Ukienda bila mtu wa pale utaona miti na maji, basi. Ukienda naye utajua ni sauti ya nani hiyo iliyopigwa juu ya mti. Mlipeni kwa moyo mweupe.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Wanaoishi chini ya msitu huu wameulipia kuliko sisi wote. Zamani kina mama wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sababu zilikuwepo, msitu ulikuwa unaumia. Lakini jiko la mama wa Sanje halikuacha kuhitaji moto siku hiyo. Yeye anauona mlima kila asubuhi na kuni hawezi kuchukua.

Na faida ya msitu inakwenda wapi? Kwetu. Maji ya Udzungwa yanaishia mto Rufiji, na bonde la Kilombero ndilo linalochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Huko ndiko lilikojengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kwa hiyo wewe uliyekaa Sinza na feni imewashwa, sehemu ya upepo huo imeanzia kwenye miti ya huko juu. Miti ikiisha, mito itajaa tope wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua. Hapo ndipo tutakapolaumiana.

Ndio maana nasema mpango wa safari usiishie kwenye picha. Msibebe chakula chote kutoka mjini kama mnakwenda jangwani. Kuleni kwa mama lishe wa Mang'ula. Laleni kwenye nyumba za wageni za pale. Nunueni mchele wa Kilombero kwa mkulima, mrudi nao. Mwanakijiji akiona msitu uliosimama unamletea wateja mezani kwake, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuulinda, mbali na kumwogopa askari.

Sisemi safari ya watu watano itamaliza tatizo la kuni. Hilo linataka serikali, majiko bora na miti ya kupanda vijijini. Lakini huwezi kupigania kitu usichowahi kukiona. Na mimi kama mwandishi nimechoka kusoma habari za Udzungwa zilizoandikwa na watu waliotoka mbali zaidi yangu.

Tunalenga mwezi wa saba. Nafasi bado zipo, kila mtu anajilipia, posho hakuna. Anayetaka aseme mapema tupige hesabu pamoja.

Naomba kutoa hoja.