Kwani chuo kikuu wamemkataa?

Jamani, juzi mtoto wa mjomba kapata nafasi kwenye chuo cha miaka miwili huko Texas. Anataka uhandisi. Mjomba kasoma barua, kavua miwani, kauliza: "Kwani chuo kikuu wamemkataa?" Sebule nzima kimya. Na mimi, msomi wa Mlimani, nakiri nilicheka moyoni.

Kicheko kiliisha nilipoanza kusoma. Chuo cha zamani kuliko vyote vya umma vya aina hii, Joliet Junior College kule Illinois, kilianza 1901 na wanafunzi sita. Wazo lilikuwa rahisi tu: miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu isomwe karibu na nyumbani. Mpaka leo unakusanya krediti kama 60, ada ikiwa chini (ingawa mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji), kisha unahamia chuo kikuu kumalizia miwili iliyobaki. Shahada inatoka huko ulikomalizia. Hapa Bongo mwenye diploma mara nyingi anaanzishwa upya mwaka wa kwanza. Wenzangu kadhaa chumba cha habari walipita njia hiyo, na wananizidi kuandika. Sasa nani wa kumcheka nani?

Ila msishangilie bado. Mtego uko kwenye hilo neno "unahamia". Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao. Karibu nusu! Chuo unachokwenda ndicho kinachoamua kipokee nini, na somo linaweza kupokelewa lakini lisihesabiwe kwenye fani yako. Umelipia, umefaulu, unarudia.

Texas wana ahueni: ukimaliza masomo ya msingi ya krediti 42, vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo lazima viyapokee. Lakini hizo hazimalizi hesabu na fizikia za mhandisi. Kwa hiyo dogo achague kwanza chuo kikuu anachokitaka, aombe orodha ya masomo ya fani yake, ndipo ajisajili. Kwa maandishi, si kwa maneno ya wakala.

Tumemweleza mjomba. Sasa haulizi tena nani kamkataa nani. Anauliza hesabu ya muhula wa kwanza itapokelewa wapi. Barua pepe tumetuma Jumatatu, majibu bado.