Mwacheni Mbunge, Muulizeni Mtendaji

Hakuna swali linaloulizwa Tukuyu kuliko hili: mbunge ametuletea nini? Linaulizwa kijiweni kwa bodaboda, linaulizwa kwenye foleni ya kupima maziwa, linaulizwa msibani watu wakishamaliza kula, ambako kwetu Rungwe ndiko siasa inakoanzia. Mvua ikikata barabara ya kushusha chai, mbunge. Zahanati ikiishiwa dawa, mbunge. Choo cha shule kikijaa, mbunge. Na zahanati mpya ikifunguliwa ni mbunge vilevile: atachezewa ngoma, ataambiwa ndaga fijo, yaani asante sana, atapiga picha na utepe, kisha wote tutarudi nyumbani tumeridhika kwamba tumeletewa.

Imani hiyo ni ya uongo. Tena ni uongo unaowafaa sana watu wanaokula fedha zetu, kwa sababu macho ya wilaya nzima yakiwa Dodoma hakuna anayeangalia droo ya ofisi ya kijiji.

Tuanze na huyo mbunge mwenyewe. Kazi aliyotumwa ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Fedha anazozishika kwa karibu ni za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, nao ni wa kuchochea kama jina lake linavyosema: bati hapa, saruji pale. Kwenye Baraza la Madiwani mbunge ni mjumbe. Ana kura moja, sawasawa na diwani wa Suma au wa Kisondela. Hapangi ushuru wa soko peke yake, haajiri mtendaji wa kijiji, hasaini hundi ya halmashauri. Tukimpima kwa madaraja na madarasa tunampa mwanya wa kukwepa kazi ambayo kweli ni yake. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humfikia Rais kila mwisho wa Machi na kuingia bungeni Aprili, na ndani yake halmashauri zinatajwa kwa majina na madudu yao. Ni wangapi kati yetu waliowahi kumuuliza mbunge amesema nini kuhusu ukurasa unaotuhusu? Tunamuuliza jezi za timu.

Nayo jezi ina historia yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ilipofika 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa inakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama iliifuta kwenye vitabu. Vichwani mwetu ipo. Mbunge asiyeonekana na bahasha ya rambirambi tunasema ametutupa, hata kama kule bungeni ndiye anayesimama kila siku.

Sasa turudi kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya mwaka 1982, inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndicho chombo cha juu kabisa cha maamuzi ya kijiji. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Huhitaji kadi ya chama, huhitaji kuwa na shamba, huhitaji kujua kusoma. Mkutano huo ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kwenye ardhi nguvu yake ni kubwa zaidi: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Hilo likumbukwe wilayani kwetu, ambako shamba ni dogo, watu ni wengi, na parachichi imewafanya hata wasiojua jembe watafute ekari.

Na huo mkutano wenye nguvu zote hizo huwaje? Kila aliyewahi kuhudhuria anajua. Tangazo limebandikwa jana yake kwenye mlango wa ofisi, au mgambo kapita na kipaza sauti saa ambazo watu wako chaini wanachuma. Mkutano umeitwa saa 3, umeanza saa 6. Wapo wazee kwenye benchi, akina mama wachache wamekaa chini ya mti na watoto mgongoni, vijana wawili wamesimama mbali na pikipiki zao kama wapita njia. Mtendaji anafungua kaunta buku, anasoma harakaharaka kama anayekimbizana na mvua: salio anzia, mapato, matumizi, "na mengineyo". Hayo mengineyo ndiyo yenye tarakimu nene. Mwenyekiti anauliza kuna swali? Kimya. Mzee mmoja anauliza habari ya mbwa wanaozurura. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, na jioni ina majina mengi kuliko watu waliokuwepo. Kwenye muhtasari inaandikwa "wajumbe waliridhia".

Tumeridhia. Halafu Jumatatu tunamlaumu mbunge.

Nitoe mifano mitatu ya fedha ambazo jirani anaziona vizuri kuliko mheshimiwa yeyote. Wa kwanza ni madarasa ya UVIKO. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa kukabiliana na UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Fedha ziliingia mpaka kwenye akaunti za shule, mafundi walikuwa wa kwetu, kukawa na kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi zenye wananchi ndani yake. Mtu anayeweza kujua kwamba mifuko 60 ya saruji iliandikwa na 45 ikashushwa si mbunge wala waziri. Ni yule mama anayeuza chapati mbele ya geti la shule. Yeye ndiye mkaguzi, ila hatujamwambia.

Wa pili ni ule mkopo wa asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliusimamisha kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyoonekana, ukarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa! Kikundi kina jina, mwenyekiti, mhazini na kitongoji kilichoandikwa kwenye fomu. Ofisa aliyeko Tukuyu anaweza kudanganywa, lakini wewe unayeishi kwenye kitongoji hicho utadanganywaje kwamba kuna akina mama wanaofuga kuku 300 nyuma ya nyumba yako? Orodha ya waliokopeshwa ikisomwa mbele ya watu, kikundi hewa hakimalizi dakika tano. Lakini nani ameidai hiyo orodha?

Wa tatu ni ushuru, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo panapouma. Pita Kiwira siku yoyote uone ndizi zilivyopangwa kando ya barabara kuu, mikungu imeegemezana, malori yanapakia ya Dar es Salaam. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa: ushuru wa mazao ukashuka kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru kabisa. Anayetajwa na sheria kulipa ni mnunuzi. Hata hivyo mama mwenye mikungu yake minane juu ya bajaji bado anasimama kwenye kizuizi mikono ikitetemeka, anatafuta noti kwenye fundo la khanga, anapewa risiti au hapewi. Akitoka pale anasema serikali inatuonea, mbunge wetu kalala. Mbunge alishamaliza sehemu yake mwaka huo wa 2017 bajeti ilipopita. Kilichobaki ni mtu mmoja pale kizuizini kusema, "Kijana, hizi hazifiki tani moja, na kama zinafika niandikie risiti ya mashine." Ukiwa peke yako maneno hayo ni magumu. Kijiji kizima kikishayapitisha kwenye mkutano na kumwagiza diwani ayapeleke barazani, ni mepesi.

Wapo watakaosema utaratibu huu wa wananchi kuwabana viongozi ni wa vitabuni, si wa kwetu. Hao hawaijui historia ya Wanyakyusa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyekaa na wazee wetu miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwamba wakuu wa vijiji, mafumu, hawakutoka kwenye ukoo wa chifu. Walikuwa watu wa kawaida, na chifu aliwahitaji kwa sababu wao ndio waliokuwa na watu. Manung'uniko ya kijiji juu ya mtu aliyekosea yaliaminika kuwa na uwezo wa kumtia ubaridi hadi akaugua. Simwombei mtendaji yeyote homa. Nasema tu kwamba mahali hapa manung'uniko yalikuwa na anuani. Siku hizi tunayatuma Dodoma, kilomita mamia, yanafika yamepoa.

Kuna hoja ya upande wa pili yenye uzito, na sitaikimbia. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, hachaguliwi na madiwani wala na sisi. Barabara za vijijini ziliondolewa halmashauri mwaka 2017 zikapewa wakala wa barabara, TARURA, maji ya vijijini yakaenda kwa wakala wa maji, RUWASA, mwaka 2019, kodi ya majengo tangu 2021 tunakatwa kwenye umeme wa LUKU. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulimalizika CCM ikitangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya vijiji, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya kura. Mtu akiniambia serikali ya mtaa imenyongwa nusu, nitamkubalia. Nchi hii ilishawahi kuinyonga yote: mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudi kwa sheria za 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi, haimsaidii anayeisema. Kama mamlaka yanahamishiwa juu kila mwaka, ni kwa sababu huku chini hakuna anayepiga kelele yanapoondoka. Wanaohamisha wanajua kwamba kijiji chenye mikutano isiyo na akidi hakitagundua. Halafu mkutano mkuu hauna chama. Mwenyekiti awe amepita bila kupingwa au amepita kwa mbinde, swali la "mengineyo ni nini?" linamhusu vilevile, na anayeuliza hahitaji fomu ya mgombea. Hata maji ya RUWASA yanaendeshwa kijijini na jumuiya ya watumia maji, ambayo viongozi wake ni majirani zetu na bei ya ndoo inajadilika.

Lawama nyingine ni yetu tunaoandika. Habari ya wilaya kwetu ni ziara: mkuu wa wilaya amekagua, mbunge amekabidhi, naibu waziri ameagiza. Chai FM iko hapa hapa Rungwe, na muda wa simu zinazopigwa studioni ungetosha kusoma mapato na matumizi ya kijiji kimoja kila Jumamosi, kijiji kwa kijiji, mpaka ziishe kata zote kuanzia Isongole hadi Masoko. Watu wangesikiliza. Huu ni mji ambao wazee wake bado wanaweza kukutajia kikosi cha Tukuyu Stars kilichochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, kipa hadi winga wa kushoto. Tatizo si kumbukumbu. Mzee huyohuyo muulize mwenyekiti wa kitongoji chake ni nani, atakuna kichwa.

Baraza la Madiwani nalo hukaa Tukuyu kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kutoka Bulyaga au Bagamoyo (ndiyo, tuna Bagamoyo yetu huku milimani, na Msasani pia, na zote hazina bahari) ni mwendo wa miguu. Viti vya wananchi hubaki vitupu, isipokuwa siku ambayo imesikika madiwani watagombana.

Kampeni za ubunge zitarudi 2030, na ngoma zitarudi nazo. Mkutano wa kijiji chako unatakiwa kuitishwa ndani ya miezi mitatu. Usipoitishwa, nenda ofisini ukaulize kwa nini, na mchukue jirani uende naye. Ukiitishwa, ombeni kaunta buku isomwe polepole, mstari kwa mstari, na ikifika kwenye "mengineyo" mwambieni mtendaji asimame hapo kwanza. Mbunge asipotokea siku hiyo msimpigie simu. Hana kazi pale.