Historia Haina Taa

Tukiutazama tena mfululizo wa televisheni "Voyagers!", ulioonyeshwa Marekani na kituo cha NBC mwaka 1982 hadi 1983, twaona kwa nini waliokuwa watoto wakati ule wangali wakiuenzi, ingawa vipindi vyake vilikuwa 20 tu. Msafiri Phineas Bogg huzunguka karne kwa karne na kifaa kiitwacho Omni: taa nyekundu ikiwaka, historia imepotoka, ya kijani ikiwaka, imenyoka. Kitabu chake cha mwongozo kimempotea, hivyo hutegemea elimu ya mtoto yatima, Jeffrey. Elimu ya mtoto ndiyo iokoayo jahazi, na hilo twalisifu.

Hata hivyo, historia haina taa. Yaliyotokea siyo lazima yaliyostahili kutokea: utumwa ulitokea, wala haukuwa haki hata siku moja. Mzazi anayewaonyesha wanawe mfululizo huo leo hana budi kuwaeleza hivyo.

Dawa imo humo humo. Kipindi kikimalizika, mwigizaji mtoto Meeno Peluce aliwahimiza watazamaji waende maktaba. Na waende, wasome vitabu viwili vinavyopingana, kisha wapime wenyewe.