Nyuma ya ekzame ya kemia, tusimwite mtoto kwenye shimo

Kila mwaka, wakati wa Ekzame ya Serikali, sisi wa Kavumu tunaona kitu kimoja. Mchana, kando ya barabara ya kutoka Bukavu kwenda Katana, wafinalisti wanatoka kwenye santre na mashati meupe yaliyolowa jasho. Hawaende nyumbani. Wanasimama kwenye kivuli, karibu na mama wa mandazi, na wanaanza kulinganisha majibu.

"Ile itemu ya asidi, weye uliweka ngapi?"

"Tatu."

"Mi niliweka ine. Ulisawazisha ekuasio kwanza?"

"Aah! Nilisahau. Basi nimeanguka."

Siku ya kemia ndiyo yenye kelele nyingi. Mwenye sauti kubwa ndiye anakuwa mwalimu, na mwenye kunyamaza anarudi nyumbani akihesabu itemu alizokosa kwa vidole. Hatuna shida na kelele ile. Shida yetu ni kile kinachofuata jioni.

Jioni mtoto anapigia baba simu kule Nyabibwe, ao Kamituga, ao Nzibira. "Papa, kemia imenishinda." Na baba, ambaye amechoka, anajibu: "Basi kuja huku, shimo letu liko linatoa." Kesho yake kijana anapanda gari na godoro lake. Matokeo yanakuja wiki nyingi nyuma, na yanamkuta chini ya udongo. Wengine wanakuta wamepita, wanarudi na kuendelea na masomo. Wengine wameshaonja feza ya kila juma, ao wameingia deni kwa PDG wa shimo, na hawarudi tena. Diplomi inabaki kwenye sanduku la mama.

Sisi tunasema: hesabu ya barabarani haiko matokeo. Maswali yanagawanywa kwa seri mbalimbali ili jirani asikopiye jirani, kwa hiyo tatu ya mmoja inaweza kuwa ine ya mwenzake, na wote wawili wako na haki. Tena kemia ni sehemu tu ya ekzame ya siku nne, na kuna disertasio na Kifaransa cha mdomo vilivyofanywa mbele. Ili kupita mtu anatafuta 50%, hatafuti kila itemu. Mtoto aliyekosa itemu tano za kemia hajaanguka bado.

Wachimbaji wanajua jambo hili kuliko mtu yeyote. Nani kati yetu anauza mchanga mbele ya kuuosha? Na negosia akisema "teneri yako iko chini," nani anakubali mara moja? Unapeleka kwa mizani ya pili. Sasa namna gani unakubali mizani ya barabarani juu ya mtoto wako mwenyewe?

Lakini tusiseme kulinganisha ni kubaya. Pale barabarani ndipo tunaona mtoto amejua nini. Ndani ya santre anachagua namba na kunyamaza. Huku nje analazimika kusema kwa nini alichagua. Papa mmoja, mkreseri wa kasiterite, alisimama nasi pale akisikiliza. Kisha aliwauliza vijana: "Ninyi wa kemia, ndani ya kilo 100 za kasiterite safi iko bati kilo ngapi?" Walicheka kwanza. Halafu mmoja alichukua kalamu: kasiterite ni SnO2, bati 119, oksijeni mbili 32, jumla 151. Gawanya 119 kwa 151. Karibu 79%.

Yule papa aliuliza tena: "Na negosia akiniambia 63, inakuwa namna gani?" Waligombana kidogo, kisha walipata: 63 kwa 79 ni karibu 80%. Ni kusema, ndani ya kila kilo 100, kama bati yote iko ndani ya kasiterite, kilo 80 hivi ndizo kasiterite na 20 ni mchanga, chuma na takataka zingine. Ukiosha vizuri zaidi teneri inapanda, lakini haiwezi kupita 79, hata uoshe mpaka kesho. Papa alinyamaza. Miaka yote ile, hakuna aliyemwonyesha hesabu hiyo.

Tunaona hapo faida ya kemia kwa jamaa zetu. Kuna nyingine, na hiyo ni ya uzima. Kule kwenye dhahabu watu wanashika merkiri, ile wengine wanaita zebaki, ili ikamate unga wa dhahabu. Kisha wanachoma, mara nyingi kwenye jiko lile lile la chakula, watoto wako pembeni. Mfinalisti wa kemia anajua kwamba merkiri inachemka kwa digrii 357, na kwamba inapopotea machoni haijaisha: imekuwa mvuke. Mvuke ule unaingia kwenye mapafu na kuharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni anaumia zaidi. Dunia ilifanya mapatano ya Minamata mwaka 2013 juu ya sumu hiyo. Lakini mama anayetwanga mawe kule Kamituga atasikia mbio zaidi kama ni mtoto wake anamwambia: "Mama, tusichomee ndani."

Kasoro iko, tusiifiche. Wengi wa vijana hao walijifunza asidi na bezi kwa chaki tu, bila kushika chupa hata moja. Walizoea itemu za miaka iliyopita, wakakariri namba. Na hapa karibu yetu, Lwiro, kuna kituo cha utafiti wa sayansi kilichoanzishwa 1947! Maprefe na komite za wazazi waombe ruhusa, watoto wa kemia waende kuona maabara, hata siku moja kwa mwaka. Na makoperative ya wachimbaji, yanayochanga feza kwa mambo mengi, yachange pia kwa mizani ndogo na chupa za kemia za shule ya pale.

Kwa wazazi tunaomba kitu kimoja tu. Mtoto akirudi kutoka kemia, usimuulize "umepata ngapi?" Muulize "walikuuliza nini?" na umwache akueleze. Kisha ngojeni matokeo pamoja, yeye akiwa nyumbani.

Shule ya primeri ni bure tangu 2019, lakini sekondari tungali tunalipa, na kwa jamaa nyingi za hapa feza hiyo inatoka shimoni. Baba alikwisha kushuka chini ili kununua kemia ile. Tusiitupe kwa sababu ya namba zilizosemwa kando ya barabara, karibu na mama wa mandazi.