Nyumba ya Siku Nne

DUNIA NA WATU
Na Mwanaidi Shekimweri

Katikati ya Agosti Wajapani wengi hufunga safari kwenda kwao. Ni siku za Obon, tarehe 13 hadi 16 katika sehemu kubwa ya nchi, ambapo roho za wazee huaminika kurudi nyumbani na walio hai nao hurudi kuzipokea. Treni za kasi hujaa, na barabara kuu zinazotoka Tokyo na Osaka huwa na foleni za kilomita kwa kilomita. Huko vijijini makaburi huoshwa. Tango huchomekwa vijiti vinne likawa farasi, biringanya nalo likawa ng'ombe: farasi awalete wazee upesi, ng'ombe awarudishe taratibu. Gujo Hachiman, mkoani Gifu, watu hucheza ngoma mpaka kunapambazuka, usiku nne mfululizo. Mwenda kwao si mtoro, na sina sababu ya kumbeza mtu aliyesimama foleni kutwa nzima ili akaoshe kaburi la bibi yake. Ila mapenzi haya yana gharama ambayo haitajwi sana. Nyumba inayotunzwa kwa ajili ya siku nne za Agosti hubaki na kufuli mwaka mzima, na kijiji kinacholia kwa kukosa watu kinakosa pia mahali pa kuwaweka.

Sensa ya makazi ya mwaka 2023 ilihesabu nyumba tupu zipatazo milioni 9 nchini Japani, karibu asilimia 14 ya nyumba zote. Ni kweli kwamba nyingi kati ya hizo ni vyumba vya kupanga mijini vinavyosubiri wapangaji, na anayeitumia hesabu hiyo yote kuomboleza kifo cha vijiji anatia chumvi. Lakini humo ndani lipo fungu la nyumba kama milioni 3.85 ambazo hazipangishwi, haziuzwi, wala si za mapumziko. Zipo tu. Halmashauri nyingi zimefungua orodha maalumu za kuwaunganisha wenye nyumba tupu na wanaotafuta pa kuishi, na mara nyingi wanaotafuta huwa wengi kuliko nyumba zinazoorodheshwa. Sababu za warithi hufanana popote uendapo: kabati la ibada la ukoo bado limo ndani, vitu vya mama havijapangwa, na Obon tutafikia wapi? Ardhi nayo imepata mkasa huohuo. Kufikia mwaka 2016 ilikadiriwa kwamba ardhi ambayo mwenyewe hajulikani au hapatikani imefika hekta milioni 4.1, eneo linalozidi kisiwa kizima cha Kyushu, hasa kwa sababu warithi hawakuandikisha urithi wao. Serikali ilichoka kubembeleza. Tangu Aprili 2024 mrithi hupewa miaka mitatu kuandikisha, na asipofanya hivyo bila sababu ya maana anaweza kutozwa hadi yeni 100,000.

Si kwamba warithi hawa wana roho mbaya. Wamelelewa na picha. Wimbo wa shule wa kutamani kwao, "Furusato", uliingizwa na Wizara ya Elimu mwaka 1914, na vizazi vimeuimba tangu utotoni, wakiwemo waliozaliwa katikati ya Tokyo. Miaka ya 1950 na 1960 treni maalumu ziliwabeba vijana waliotoka tu shule ya kati huko Tohoku hadi kituo cha Ueno, wakaajiriwe viwandani na madukani. Mwaka 1970 shirika la reli la taifa likaanzisha kampeni ya Discover Japan, likiwauzia watu wa mijini tiketi za kwenda kuitafuta nchi iliyokuwa ikihamwa. Mwaka 2000 ukatoka mchezo wa PlayStation, Boku no Natsuyasumi, ambamo mtoto anapitisha Agosti ya mwaka 1975 kijijini akikamata wadudu na kuvua samaki. Asiye na kijiji naye akapata cha kukikumbuka.

Tazama mwezi wenyewe uliochaguliwa. Mei mpunga hupandikizwa, Septemba na Oktoba huvunwa, na wakati wa baridi, upande wa Bahari ya Japani, theluji huwalazimu wazee kupanda juu ya paa na sepetu, na kila mwaka wapo wanaoanguka wakafa. Agosti majaruba ni kijani kitupu, mifereji ilikwisha kuzibuliwa, na nyasi za kingoni zimefyekwa kabla wageni hawajateremka kwenye basi. Takahata Isao aliligusa jambo hili katika filamu yake ya mwaka 1991, Omoide Poro Poro. Mwanamke wa Tokyo anakwenda Yamagata kusaidia kuchuma maua ya rangi, na mkulima kijana anamweleza kwamba mandhari anayoiita ya asili ni kazi ya mikono ya wakulima. Leo wastani wa umri wa wakulima wa Japani unakaribia miaka 70.

Atatokea wa kuniambia kwamba hamu hii inaleta fedha. Inaleta, tena nyingi. Mpango wa kodi ya furusato, yaani kodi ya kwao, ulioanza mwaka 2008 humruhusu mlipa kodi kuchangia halmashauri aipendayo na kupunguziwa kodi yake, naye abaki na mzigo wa yeni 2,000 tu. Katika mwaka wa fedha 2023 michango ilivuka yeni trilioni moja. Lakini sheria haimtaki mchangiaji awe na asili ya mahali anapochangia. Wengi huchagua nyama, kaa au mchele watakaotumiwa kama shukrani, hata serikali ikalazimika mwaka 2019 kuweka kikomo cha zawadi kuwa asilimia 30 ya mchango. Kuna waliozitumia fedha hizo vizuri: Kamishihoro, mji mdogo wa Hokkaido, ulizielekeza kwenye malezi ya watoto bila malipo na ukavuta familia changa. Hizo familia zilifuata chekechea, si vimulimuli.

Pingamizi zito zaidi ni la wafu. Nani atampangisha mgeni nyumba ambamo baba yake anarudi kila Agosti? Naliheshimu swali hili, ila Wajapani wenyewe wameshaanza kulijibu. Mwaka 2022 pekee mabaki ya wazee yalihamishwa kutoka kaburi moja kwenda jingine zaidi ya mara 150,000, mara nyingi yakisogezwa karibu na mjini wanakoishi watoto. Anayeweza kuhamisha mifupa kwa ibada na heshima zake anaweza kuhamisha kabati.

Na vijiji visivyo na tumaini? Vipo, na pale walipobaki wazee watatu bondeni, acha nyumba zifunguliwe Agosti na kufungwa tena. Naongelea miji midogo ambayo bado ina zahanati, shule na kituo cha treni, na ambako vijana wanatafuta nyumba wakazikosa huku zikionekana kwa macho. Warithi husema wanafikiria. Nyumba ya mbao iliyofungwa katika unyevu wa majira ya joto ya Japani haina subira hiyo: mikeka hushika ukungu, sakafu hulegea, paa huvuja, na baada ya miaka kadhaa wenye nyumba nao hutafuta chumba hotelini wakija kwenye Obon.